Mkufunzi Ndiye Aliyefungua

TANGAZO

Wanakikundi wote wa Shamba Darasa la Mbuzi na Kondoo, Oldeani, wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe ya tangazo hili, kondoo dume wa mradi hataitwa tena kwa jina la "Mkufunzi". Jina hilo ni cheo cha mtumishi na halipaswi kutumiwa kwa mnyama. Kondoo huyo ataitwa Dume wa Mradi. Aidha, kipande cha ngozi anachofungwa chini ya tumbo kisiitwe tena "suruali ya Mkufunzi"; kiitwe kinga. Atakayekiuka agizo hili ataandikiwa barua ya onyo.

Kwa niaba ya Mratibu wa Mradi, Karatu.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa banda la majani makavu, mahali ambapo kila mwanakikundi alipita kila siku kuhakikisha kwamba kufuli lilikuwa bado limefungwa na kwamba jirani yake hakuwa amelifungua. Halikueleza kwa nini jina lililokuwa likitumika kwa mwaka mzima, hata na Mratibu mwenyewe alipokuja kumpapasa dume huyo kichwani, lilikuwa limegeuka tusi. Matangazo ya namna hiyo hayaelezi. Ndiyo maana yanastahili kusomwa mara mbili, na Oldeani ni mahali ambapo watu husoma mara mbili hata kile kilichoandikwa kwenye gunia la mbolea.

Mradi wenyewe ulipokewa kwa tahadhari hiyo hiyo. Watu wa vijiji vilivyo chini ya mashamba ya kahawa wamefundishwa mambo mengi na watu wengi, na wazee hushikilia kwamba kila somo lilipokwisha, kulikuwa na kitu kilichopungua. Kwa hiyo, gari la mradi lilipofika likiwa na chai, maandazi na ubao mweupe, swali la kwanza halikuwa "Mtatufundisha nini?" bali "Mnataka nini?" Jibu lilikuwa kwamba mradi unataka wafugaji wadogo wafuge mbuzi na kondoo wachache kwa faida. Jibu lilionekana zuri mno, na likaongeza wasiwasi.

Hata hivyo, walijiandikisha. Walifundishwa kukata kwato, kunywesha dawa ya minyoo, na kufunua kope la mbuzi ili kutazama kama wekundu wa ndani umepauka. Walifundishwa kukata majani wakati wa mvua, kuyakausha na kuyahifadhi kwenye banda la pamoja kwa ajili ya kiangazi. Kisha wakaletewa dume wa aina ya Dopa, mwili mweupe na kichwa cheusi kama kilichochovywa kwenye wino. Wakamwita Mkufunzi, kwa sababu aliletwa na mafunzo na kwa sababu, walisema, huyu angalau hufundisha kwa vitendo.

Dume alikabidhiwa kwa Nanyori. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeolewa Oldeani akitokea Kakesio, akaja na kondoo jike mmoja aliyepewa na mama yake. Kondoo wote waliokuwa zizini mwake walikuwa uzao wa jike yule. Mume alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe Lekishon alikuwa mlinzi mjini Arusha. Kwa hiyo alipoulizwa ana nini duniani, Nanyori alielekeza kidole zizini na kuona kwamba amejibu.

Alichaguliwa kwa sababu alijua kufunga ngozi. Wafugaji wa kwao hufunga kipande cha ngozi chini ya tumbo la dume, mbele ya sehemu zake, ili ampande jike bila matokeo. Ngozi huondolewa Julai tu, ili wanakondoo wazaliwe Desemba, majani yakichipua. Mradi uliipenda mbinu hiyo, ukaiandika kwenye kitabu chake cha mafunzo, kisha ukamwita Nanyori kwenye semina akafundishwe. Alihudhuria, akafundishwa jambo alilolijua tangu utotoni, akapewa cheti.

Kanuni ya kikundi ilikuwa fupi. Mtunza dume atakayefungua ngozi nje ya msimu ataondolewa kikundini na kupoteza fungu lake la majani. Mwezi wa Septemba, milima ikiwa imekuwa rangi ya mkate na msitu wa hifadhi ukiwa kijani ng'ambo ya mpaka usiovukwa, kupoteza fungu la majani kulikuwa na maana moja. Kondoo wa Nanyori wasingeiona mvua.

Na ilikuwa Septemba kondoo walipoanza kuzaa.

Wa kwanza alikuwa wa Cresensia, mwenyekiti wa kikundi, mkulima wa maharage na mahindi ambaye hakuwahi kumwamini mtu aliyekubaliana naye haraka. Alifika kwa Nanyori asubuhi akiwa amebeba beseni lililofunikwa kwa khanga.

"Hodi kwa mwenye dume."

"Karibu, Mama Paskali. Mbona na beseni? Unakwenda mtoni?"

"Nimemleta mtoto. Baba yake amwone kabla sijamzika."

Alifunua khanga. Mwanakondoo alikuwa amekufa, mwili mweupe, kichwa cheusi. Dume alikuja hadi kwenye uzio, akanusa upande wa beseni, kisha akaendelea kutafuna.

"Hata haya hana," alisema Cresensia. "Anafanana na wanaume ninaowajua. Mama yake hana maziwa, Mama Lekishon. Atayatoa wapi, kwenye mawe? Sasa niambie. Ulimfungulia lini?"

"Mimi sikumfungulia."

"Basi ni upepo."

"Si upepo."

"Basi ni malaika Gabrieli. Alizoea kazi hiyo."

"Mama Paskali, pole kwa mwanakondoo. Itisha kikao. Nitasema mbele yake."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya aliyefungua."

Cresensia alifunika beseni. Hakupenda jibu lile. Mtu mwenye jina la mhalifu mdomoni na asilitoe huwa, kwa maoni yake, ama anamwogopa ama anagawana naye.

Kabla ya juma kwisha kondoo wengine walizaa, wa huyu na wa yule, na wa Nanyori pia. Wanakondoo wote walikuwa na vichwa vyeusi. Kwa hiyo dhana kwamba dume wa jirani aliruka uzio ilikufa mapema, na dhana nyingine zikapata nafasi. Walisema Nanyori alifungua ngozi ili majike wake watangulie. Walipokumbushwa kwamba majike wake nao sasa walikonda pamoja na wa wenzake, walisema huo ndio ujanja wenyewe, maana mwizi mwenye akili hujiibia na yeye kidogo. Wengine walikuja kukagua fundo la ngozi, wakalivuta, wakatingisha kichwa. Fundo lilikuwa imara. Uimara wake ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba lilifungwa na mtu mwenye jambo la kuficha.

Banda la majani likatiwa kufuli hadi mkosaji ajulikane. Jike aliyezaa nje ya msimu hakutolewa majani, awe wa mshitakiwa au wa mwenyekiti. Kanuni haikutofautisha, na Cresensia, aliyeiandika, alikuwa mtu wa mwisho kuweza kuilalamikia.

Kikao kilifanyika kwenye kibanda cha mafunzo. Bwana Matano alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa mkufunzi kwa maana ya cheo: kijana mwenye elimu ya mifugo kutoka Tanga, shati lake limepigwa pasi hata baada ya barabara ya Oldeani, ambayo haiachi kitu kikiwa kimenyooka. Aliketi mbele, miguu pamoja. Kando yake aliketi katibu, Lesiamon, aliyehudumu kwa miaka mingi kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta na kustaafu akiwa na imani mbili: kwamba mgeni wa hoteli hasubirishwi, na kwamba Kiswahili sanifu hakina mbadala. Majirani zake walichanganya Kiswahili na Kiiraqw na Kimaasai katika sentensi moja. Lesiamon aliwasahihisha wote kwa Kiswahili walichokiacha njiani.

Cresensia hakupoteza muda.

"Swali ni moja. Nani alifungua?"

Nanyori alisimama. Kiswahili alikijua ukubwani, na alikitumia kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya jirani gizani, polepole na bila kugusa visivyohitajika.

"Mkufunzi alifungua," alisema.

Kibanda kizima kikacheka.

"Kwa kwato gani?" aliuliza mtu nyuma.

"Kwa meno! Ana meno mazuri!"

"Kumbe masomo yamemwingia. Mpeni cheti!"

Bwana Matano naye alicheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu aliyesubiri kuonyeshwa mlango.

Nanyori aliketi. Hakuelewa kicheko kile kama wenzake walivyokielewa. Yeye alimwita mnyama yule dume tu, na jina la mzaha halikumjia akilini. Aliona kwamba amemtaja mtu aliyekuwa ameketi mbele yao, kwa cheo chake, na kwamba watu wamemcheka mtu yule hadharani. Kwao, aliyechekwa na kikao kizima amekwisha kupigwa, haongezwi fimbo. Kwa hiyo hakuongeza neno. Lakini kicheko kilipokwisha na mashitaka yakabaki yanamwelekea yeye, alianza kufikiri mambo mengine. Wamesikia, alijiambia. Wamesikia wote, na wamekubaliana kutosikia.

Tangu siku ile alimshuku kila mtu kama kila mtu alivyomshuku yeye, na kwa sababu bora zaidi.

Muhtasari uliandikwa na Lesiamon usiku huo huo. Alipofika kwenye maneno ya mshitakiwa, kalamu ilisita. "Mkufunzi alifungua" ilikuwa sentensi isiyokamilika. Alifungua nini? Ngozi ilikuwa juu ya mwili wake mwenyewe. Mtendaji na mtendwa walikuwa kondoo mmoja. Kwa hali hiyo kitenzi kilidai kirejeshi, ile "-ji-" ya mtu kujitendea mwenyewe, na Lesiamon hakuwa mtu wa kukinyima kitenzi haki yake. Aliandika: "Mtunza dume alidai kwamba Mkufunzi alijifungua."

Muhtasari ulipelekwa ofisi ya mradi mjini Karatu, ambako hakuna aliyejua kwamba Oldeani kuna kondoo mwenye jina hilo isipokuwa Mratibu, na Mratibu alikuwa safarini. Kwa siku kadhaa Bwana Matano alipongezwa. Aliulizwa uzito wa mtoto. Aliulizwa kama mama anaendelea vizuri, kisha mwulizaji akajisahihisha, akauliza kama yeye mwenyewe anaendelea vizuri. Mtu asiyejulikana aliweka juu ya meza yake kopo la uji wa lishe. Mratibu aliporejea, alikuta barua ya malalamiko yenye kurasa nyingi, akaisoma hadi mwisho bila kubadili uso, na akaandika tangazo.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyofika kwenye mlango wa banda la majani.

Lesiamon ndiye aliyelisoma kwa sauti. Waliosimama walicheka kidogo, kwa pua, kwa kuwa njaa ya mifugo hupunguza pumzi za wenye mifugo. Nanyori alikuwa ametoka kuokota mabua ya mahindi kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, furushi kichwani.

"Mzee Lesiamon, rudia pale mwanzo."

"Pale pa 'wanatangaziwa'?"

"Pale pa jina."

"'Kondoo dume wa mradi hataitwa tena kwa jina la Mkufunzi. Jina hilo ni cheo cha mtumishi.' Sanifu kabisa. Hakuna pa kusahihisha."

Nanyori aliweka furushi chini.

"Kwa hiyo siku ile ya kikao," alisema polepole, "mlicheka kondoo?"

"Tulicheka ulichosema wewe. Kwamba kondoo amejifungulia ngozi."

"Nilisema hivyo?"

"Nimeandika mimi mwenyewe."

Alimtazama mzee yule. Hakuna aliyejua alichokuwa akikipima, na waliosimama walidhani anatunga uongo mwingine. Kisha akauliza:

"Na kuanzia leo, nikisema Mkufunzi, nani ameitwa?"

"Bwana Matano. Peke yake. Kwa amri ya Karatu."

"Na ni barua ya onyo kwa atakayefikiri kondoo?"

"Kwa atakayetamka. Kufikiri hakujatajwa."

"Basi mwambie Mama Paskali aitishe kikao. Na huyo aliyeandika tangazo aje."

Habari zilifika kwa Cresensia kabla ya mabua kufika zizini. Jioni alikuja mwenyewe, mikono mitupu mara hii, akasimama kwenye uzio akiwatazama majike wa Nanyori. Mifupa ya nyonga ilikuwa imeanza kuinua ngozi. Mwanakondoo mmoja alinyonya, akaacha, akagonga kiwele kwa kichwa, akanyonya tena.

"Unaleta watu kutoka Karatu," alisema Cresensia. "Una hakika na neno lako?"

"Ni lile lile la kwanza."

"Lile la kwanza tulilicheka."

"Ndiyo maana nalirudisha. Halijachakaa."

Cresensia aliangalia ngozi iliyofungwa chini ya tumbo la dume, kisha uso wa mwenzake. Akaondoka akiwa na tuhuma mpya ambayo hakuipenda, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza isiyomhusu Nanyori.

Mratibu aliwasili na gari la mradi likiwa jekundu kwa vumbi. Jina lake Salha, mwenyeji wa Karatu mjini, mtoto wa wenye duka, mwenye heshima na utulivu wa mtu anayejua bei ya kila kitu kabla hajakigusa. Aliwaamkia wazee, akapokea amkio la vijana, akaketi, akafungua faili. Bwana Matano aliketi kushoto kwake. Nyuma ya kibanda, ndani ya zizi la mafunzo, kulikuwa na majike waliozaa pamoja na wanakondoo wao. Cresensia ndiye aliyeagiza waletwe. Walilia mfululizo.

"Wanaweza kupelekwa mbali kidogo?" aliuliza Mratibu.

"Hawawezi kutembea sana, mama," alijibu Cresensia. "Hawajala."

Kikao kikaanza.

"Mama Lekishon," alisema Cresensia, "una jipya?"

"Sina."

"Nakuuliza kama nilivyokuuliza. Nani alifungua?"

"Mkufunzi alifungua."

Hakuna aliyecheka. Kalamu ya Lesiamon ilisimama hewani, kirejeshi kikiwa hakina pa kutua. Mtu aliyekuwa nyuma, yule aliyeyasifu meno ya dume siku ile, alikohoa.

"Mkufunzi yupi?" aliuliza Mratibu.

"Tangazo lako, mama, linasema yuko mmoja tu."

Watu walimgeukia Bwana Matano kwa pamoja, bila haraka, kama ng'ombe wanavyogeuka kumtazama mpita njia. Alirekebisha ukosi wa shati.

"Endelea," alisema Mratibu.

Nanyori aliendelea. Mwezi wa Aprili, wageni wa wafadhili walipokuja, majike wa wanakikundi wote walikusanywa zizini kwa ajili ya somo la chanjo. Dume alikuwa humo, amefungwa ngozi. Wanakikundi walikaa kwenye maturubai upande wa barabara wakisikiliza hotuba. Yeye alikuwa nyuma, jikoni, akichemsha chai. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye kofia, alikuja zizini na Mkufunzi, akaitazama ngozi, akakunja uso, akasema maneno. Mkufunzi akaifungua. Mgeni akatabasamu, akapiga picha. Wakarudi kwenye hotuba.

"Na ngozi?" aliuliza Mratibu.

"Ilibaki juu ya uzio. Hotuba zilikuwa ndefu. Watu walikula, wakacheza ngoma, wakapewa fulana. Jua lilipoinama akarudi, akaifunga. Fundo lilikuwa la kiatu. Nililifungua nikalifunga vizuri."

"Mimi siku ile nilifungua mafunzo," alisema Bwana Matano. "Kufungua mafunzo ni kazi yangu. Muhtasari upo. Umeandikwa, 'Mkufunzi alifungua mafunzo saa nne asubuhi.' Huenda mama amechanganya."

Lesiamon alithibitisha kwa kichwa kwamba sentensi hiyo ilikuwapo, na kwamba ilikuwa sahihi.

"Ulifungua vyote viwili, mwanangu," alisema Nanyori.

"Mafunzo hayabebeshi mimba kondoo, Bwana Matano," aliongeza Cresensia. "Tumehudhuria mengi. Tungejua."

Bwana Matano alitazama mbele. Alikuwa kijana mwaminifu kwa kiasi ambacho kazi yake iliruhusu, na kazi yake siku hiyo iliruhusu kidogo. Mwishowe alisema kwamba mgeni aliuliza kama ngozi ile haimtesi mnyama. Kwamba ustawi wa wanyama ni kipengele cha mkataba. Kwamba aliifungua kwa muda mfupi, kwa ajili ya picha, na alikusudia kuirudisha papo hapo, lakini aliitwa kutoa neno la shukrani.

"Ilikuwa muda mfupi tu," alirudia.

"Dume haombi muda wa nyongeza," alisema Cresensia.

Sasa kicheko kilitaka kutoka, lakini mwanakondoo mmoja alilia nyuma ya kibanda, sauti nyembamba isiyo na mwisho, na kicheko kikarudi kilikotoka.

"Kwa nini hukusema siku ile?" Mratibu alimwuliza Nanyori. Swali lilikuwa la upole, na watu waliokuwa na uzoefu wa maswali ya upole walikaa sawa.

"Mimi nina cheti kimoja. Yeye ana vingi. Nilidhani ni somo."

"Na mwezi huu, ulipoona kosa?"

"Nilisema, mama. Kwenye kikao. Mlicheka, mkaandika, mkabandika tangazo."

Mratibu alifunga faili. Akaomba kikao kiahirishwe kwa muda, akaenda kukaa garini, vioo vimepandishwa. Walimwona akipiga simu, akisikiliza, akiandika, akifuta. Oldeani nzima ilijua kwa nini anafuta, kwa kuwa tuhuma zilizotumika mwezi mzima dhidi ya mwanamke mmoja zilikuwa zimepata kazi nyingine na zilifanya kazi hiyo kwa ari. Ikiwa mkufunzi alifungua, mradi umevunja kanuni yake mbele ya wafadhili wake, na picha ipo. Ikiwa mtunza dume alifungua, wanakikundi wote wamesikia kinyume chake. Na taarifa ya mwaka, ambayo Lesiamon aliwahi kupewa nakala yake asahihishe lugha, ilikuwa imekwisha kuandikwa: wanakondoo wote wa Oldeani watazaliwa Desemba.

Cresensia alikwenda kuketi kando ya Nanyori, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya beseni.

"Umeshinda, Mama Lekishon."

"Kufuli limefunguliwa?"

"Bado."

"Basi nimeshinda nini?"

Walitazama banda la majani. Kupitia nyufa za mbao rangi ya majani makavu ilionekana, ya kijani iliyofifia, majani waliyoyakata wenyewe kwa mundu wakati wa mvua, na harufu yake iliwafikia majike zizini, wakasukumana kuelekea upande huo wa uzio.

"Akitoka humo garini akatutaka tusaini kitu," alisema Cresensia, "soma mara mbili."

"Mimi sijui kusoma."

"Basi nitasoma mara nne."

Mratibu alirudi. Hakutaka mtu yeyote asaini chochote. Aliwashukuru wanakikundi kwa uwazi wao, akamshukuru mtunza dume kwa ushahidi wake, akamshukuru mkufunzi kwa kujituma kwake, akasema kwamba suala limepatiwa ufumbuzi. Kisha akasimama na kusoma, kwa sauti safi iliyowazidi kondoo kidogo tu:

"Baada ya kusikiliza pande zote, Ofisi ya Mradi imeamua kama ifuatavyo. Kwa kuwa taratibu za mradi hazitambui uzazi nje ya msimu, wanakondoo wote waliopo sasa katika Shamba Darasa la Oldeani watahesabiwa kuwa watazaliwa tarehe mosi Desemba. Kwa kuwa basi hakuna mwanakondoo aliyezaliwa nje ya msimu, hakuna kinga iliyofunguliwa, na tuhuma dhidi ya mtunza dume zimefutwa. Ataendelea kuwa mwanakikundi na fungu lake la majani limerejeshwa. Majani hayo, kama kanuni inavyoelekeza, yatatolewa kwa kondoo wanaonyonyesha, mara tu wanakondoo wao watakapokuwa wamezaliwa. Hadi tarehe hiyo banda litabaki limefungwa, na ufunguo utatunzwa Karatu."